Killing Joke: ninunue ile ya kwanza, Night Time au Pandemonium?

Santuri_Leeds
Wapenzi wa santuri, nawasalimu nyote. Naishi Leeds, na katika duka moja la santuri zilizotumika nimekuta albamu tatu za Killing Joke, kundi la roki la Uingereza, ndani ya sanduku moja: ile inayoitwa kwa jina la kundi lenyewe, Night Time, na Pandemonium. Mwenye duka amekubali kuniwekea zote tatu hadi Jumamosi jioni, lakini uwezo wangu ni wa kununua moja tu. Kundi hili nimelifahamu kupitia watu wengine, kwa kuwa wanamuziki ninaowapenda, Metallica na Foo Fighters wakiwemo, wamerudia nyimbo zake, ila sijawahi kuketi nikasikiliza albamu yake nzima. Naomba mnisaidie kuchagua ipi inafaa kuwa mlango wa kuingilia.

Mzee_wa_Spika
Ndugu yangu wa Leeds, huwezi kushauriwa kwa maelezo machache kiasi hicho. Killing Joke wana albamu mbili zilizobeba jina la kundi, moja ya mwaka 1980 na nyingine ya 2003, na tofauti yake ni kubwa mno: ya kwanza ilipigwa na vijana wanne waliokuwa bado hawajulikani, na ya pili ngoma zake zote zilipigwa na Dave Grohl wa Foo Fighters. Umeona ipi? Je, ni chapa ya wakati ule au ni toleo lililorudiwa miaka ya karibuni? Bei ya kila moja ni kiasi gani? Na zaidi ya yote, utaichezea kwenye gramafoni gani?

Santuri_Leeds
Mzee, shikamoo, na uniwie radhi kwa kutojieleza. Ni ile yenye picha nyeusi na nyeupe ya vijana wakiparamia ukuta, kwa hiyo naamini ni ya 1980. Pembe mbili za jalada zimelika, lakini santuri yenyewe inang'aa. Bei yake ni pauni 28, Night Time ni pauni 15, na Pandemonium ni pauni 60. Gramafoni yangu ni ile ndogo ya mkobani, yenye spika ndani yake.

Mkongwe_wa_Besi
Chukua ya 1980 na usigeuke nyuma. Picha ya jalada hilo imetokana na picha ya Don McCullin, aliyowapiga vijana wa Derry, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1971, walipokuwa wakikimbia moshi wa kutoa machozi uliorushwa na jeshi la Uingereza. Ukiweka sindano kwenye wimbo wa kwanza, Requiem, utaanza kusikia kinanda kikidunda peke yake kama mapigo ya moyo, kisha gitaa linaingia na kila kitu kinakuwa kizito kwa mara moja.

Watu wengi huanza kueleza kundi hili kwa gitaa lake, nami naona inafaa kuanza na besi. Mpiga besi wao, Martin Glover, alijiita Youth kwa kumfuata Big Youth, yule mwimbaji wa rege wa Jamaika, na kundi lilizaliwa Notting Hill, London, mtaa ambao familia za watu wa visiwa vya Karibi zilikuwa zimeuweka muziki wao barabarani kwa miaka mingi. Ukisikiliza santuri yao ya mwanzo kabisa ya mwaka 1979, Turn to Red, utasikia besi inavyoacha nafasi na sauti zinavyorudi kwa mwangwi kama ilivyo katika dabu, ile rege ya besi nzito na mwangwi. Kwenye albamu ya 1980 nafasi ile imejazwa hasira, lakini mwendo wa chini umebaki kuwa wa watu wanaocheza dansi. Hapo ndipo walipotofautiana na makundi mengi ya panki, yaliyokuwa yakikimbia tu.

Bint_Chumbageni
Kaka yangu Mkongwe, nakuheshimu, lakini mgeni hapokelewi kwa pilipili kabla ya kupewa maji. Mimi nasema Night Time. Ilirekodiwa katika studio za Hansa mjini Berlin chini ya mtayarishaji Chris Kimsey, ambaye alikuwa amefanya kazi na Rolling Stones, ikatoka mwaka 1985 na kufika nafasi ya 11 katika chati ya albamu ya Uingereza. Wimbo wa Love Like Blood ulifika nafasi ya 16 katika chati ya nyimbo, na kundi hilo halijawahi kuwa na wimbo uliopendwa na wengi kuupita huo.

Sitaji chati kwa kuamini kwamba wingi wa wanunuzi ndio ubora. Nazitaja kwa sababu katika albamu hiyo mwimbaji wao, Jaz Coleman, aliacha kupiga kelele kwa muda, akaimba kwa sauti kamili, na ndipo tulipogundua kwamba yule mtu ana sauti nzuri yenye huzuni nzito. Nilipokuwa nikisomea uuguzi Uingereza, nilikuwa nikirudi kutoka zamu ya usiku kwa basi la alfajiri, na wimbo wa Darkness Before Dawn ndio ulionifikisha nyumbani siku nyingi za baridi. Kwa mtu anayetaka mlango, huo ndio mlango.

Mkongwe_wa_Besi
Dada, Night Time ni nzuri, lakini Youth hayumo. Alikwisha kuondoka mwaka 1982, baada ya Coleman kuamini kwamba mwisho wa dunia umekaribia na kwenda zake Iceland, akafuatwa na mpiga gitaa wao, Geordie Walker. Aliyeshika besi baada yake ni Paul Raven.

Bint_Chumbageni
Raven, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga besi kamili kwa haki yake mwenyewe. Sikiliza jinsi besi inavyoubeba Love Like Blood mwanzo hadi mwisho, kisha uniambie ni kitu gani kimepungua.

Fundi_Redio
Kabla hujalipa pauni 28 kwa ajili ya ile ya kwanza, naomba usome yaliyonipata, maana yameniuma hadi leo.

Miaka sita iliyopita niliagiza albamu hiyohiyo ya 1980 kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, sitamtaja. Tangazo lilisema ni chapa ya kwanza, hali yake karibu mpya. Nililipa kwa pesa nilizoweka akiba kwa miezi minne, nikaomba itumwe kwa shemeji yangu Uingereza, naye ailete Dar es Salaam atakapokuja likizo. Ilipomfikia, ilikuwa imefungwa kwa kipande kimoja cha boksi jembamba, bila kitu cha kuikaza. Shemeji hakujua, aliiegemeza kwenye dirisha juu ya chombo cha kupashia nyumba joto, ikakaa hapo majuma matatu.

Nilipoitoa kwenye jalada hapa nyumbani, niliiweka juu ya meza ya kioo nikainama kuitazama kwa upande. Ukingo mmoja ulikuwa umeinuka kama ukingo wa chapati iliyoachwa kwenye kikaango. Nilipoicheza, sindano ilipanda na kushuka, Requiem ikapita kwa shida huku sauti ya kinanda ikiyumba, na ilipofika kwenye The Wait, pale gitaa linapopigwa kwa kasi na kukatwakatwa, sindano ikaruka. Nikairudisha, ikaruka palepale. Kisha nikatazama namba zilizochongwa karibu na lebo, nikalinganisha na za rafiki yangu aliyeinunua ikiwa mpya mwaka ule wa 1980, nikakuta hazifanani. Kwa hiyo haikuwa chapa ya kwanza hata kidogo. Nilimwandikia muuzaji mara tano. Alinijibu mara moja tu, akasema kosa ni la joto, nami sikuwa na hoja juu ya joto, lakini suala la namba alilipita kimya. Santuri hiyo ninayo bado. Niliiweka chini ya vitabu vizito kwa mwaka mzima na haikunyooka.

Kwa hiyo, ndugu wa Leeds, iombe kwa mwenye duka, ishike kwa kingo, iinue usawa wa jicho chini ya taa, na usome namba hizo kabla ya kutoa pesa. Pembe za jalada kulika si tatizo.

Mzee_wa_Spika
Pole sana, Fundi. Nami niongeze kwamba gramafoni ya mkobani huwa na mkono mzito na spika ndogo. Albamu ya 1980 itasikika kama bati likigongwa, kwa sababu kila alichokieleza Mkongwe kuhusu besi kitapotea. Night Time ina sauti za juu zilizo wazi zaidi na itaumia kidogo tu. Kama ni mimi, ningenunua Night Time kwa pauni 15, na kiasi kinachobaki ningekiweka akiba ya spika.

Kijana_wa_Kariakoo
Wazee wangu, mbona hakuna aliyetaja kwamba Night Time ndiyo yenye Eighties, wimbo ambao Nirvana waliuchukua wakatengeneza Come As You Are? Hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuinunua.

Mzee_wa_Spika
Mwanangu, neno «waliuchukua» lina uzito, na tulipime. Mfanano upo, na asiyeusikia hajasikiliza. Eighties ilitoka mwaka 1984, Come As You Are ikatoka kwenye albamu ya 1991, na Danny Goldberg aliyekuwa akiwasimamia Nirvana amekwisha kusema kwamba Kurt Cobain mwenyewe, mwimbaji wa kundi hilo, alikuwa na wasiwasi kuutoa wimbo huo kama singo kwa jinsi ulivyokaribiana na wa Killing Joke. Hata hivyo, mwaka 1982 kundi la The Damned lilikuwa na wimbo uitwao Life Goes On, wenye mfululizo wa noti unaokaribiana sana na huo. Tukiita wizi, basi itabidi tuanze kuuliza nani alimwibia nani tangu mwanzo.

Kijana_wa_Kariakoo
Nimeusikiliza huo wa The Damned sasa hivi na nakubali, Mzee. Lakini uchungu wa Killing Joke naubeba bado, kwa sababu mmoja alipata utajiri na mwingine akaendelea kupiga katika kumbi ndogo.

Mzee_wa_Spika
Uchungu huo wenyewe waliumaliza, mwanangu. Dave Grohl, aliyekuwa mpiga ngoma wa Nirvana, ndiye aliyekwenda kuwapigia ngoma kwenye albamu ya 2003, na alikuwa mpenzi wao tangu ujana. Mtu hakupigii albamu nzima kama kati yenu kuna kisasi.

Rithim_na_Solo
Naomba nami niseme juu ya gitaa, maana limeguswa na kuachwa, na ndilo lililonileta hapa. Nimelelewa na muziki wa dansi, ambamo kazi imegawanywa: huyu anashika solo, huyu rithim, huyu besi, na kila mmoja ana njia yake. Nilipomsikia Geordie Walker mara ya kwanza nilidhani ni watu wawili. Alikuwa peke yake. Alitumia gitaa la Gibson ES-295 la rangi ya dhahabu, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1952, lenye tumbo tupu kama magitaa ya jazi, ambalo mtu wa muziki mzito hangelifikiria kabisa kwa sababu likipazwa sauti huanza kuvuma lenyewe. Yeye aliutumia mvumo huo. Alizishusha nyuzi zote kwa toni nzima, ili ziwe legevu na nzito, kisha akapiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ambazo baadhi ya nyuzi zake zimeachwa wazi, zikiendelea kulia wakati vidole vimekwisha kuhamia kwingine. Matokeo yake ni kwamba rithim na solo vinasikika ndani ya mkono mmoja. Nimejaribu kwa miaka mitatu kuupata mlio wa The Wait kwenye gitaa langu. Noti nimezipata, lakini ule mlio haujaja.

Na ngoma za Paul Ferguson zisisahauliwe. Hategemei matoazi. Anazunguka kwenye ngoma za kati na za chini, na mwendo anaurudia bila kuupamba, hadi mwili unaukubali kabla ya akili. Wimbo wa Wardance ni mfano mzuri.

Geordie alifariki Prague tarehe 26 Novemba 2023 baada ya kupatwa na kiharusi. Siku hiyo niliicheza albamu ya 1980 pande zote mbili, nikashindwa kulala. Kwa hiyo kura yangu unaijua.

Mkongwe_wa_Besi
Umesema kweli yote. Metallica waliporudia The Wait mwaka 1987, walikuwa na magitaa mawili na vipaza sauti vya kutosha kuujaza uwanja, na bado wimbo wao ni mwepesi kuliko wa wale wanne.

Chuma_na_Moto
Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, na nasikitika kwamba Pandemonium imeachwa kama mtoto wa kambo. Watu wa roki ya viwandani, ile ya magitaa mazito na mapigo ya mashine, wanalitaja sana kundi hili, nanyi mnampeleka mwuliza swali kwenye panki na nyimbo za mapenzi. Pandemonium ya 1994 ndiyo iliyomrudisha Youth, safari hii akiwa pia mtayarishaji. Sehemu ya uimbaji ilirekodiwa ndani ya chumba cha mfalme katika Piramidi Kuu huko Misri, na ngoma za Kimisri zilipigwa na Hossam Ramzy. Mapigo ya mashine, magitaa yaliyorudiwa kama msumeno, na nyimbo ndefu zinazojirudia hadi zikuteke: hiyo ndiyo roki ya viwandani iliyokamilika.

Mkongwe_wa_Besi
Ndugu Chuma, hapo tutabishana. Muziki wa viwandani ulianza na kundi la Throbbing Gristle na lebo yao ya Industrial Records katika miaka ya 1970, kwa kutumia kanda, kelele na mitambo. Killing Joke walikuwa na gitaa, besi, ngoma na kinanda. Jina la roki ya viwandani wamelibandikwa na wafuasi wao.

Chuma_na_Moto
Sikatai kwamba wafuasi ndio waliolibandika, lakini tazama walivyoungana kwa damu. Martin Atkins, aliyepiga ngoma kwenye albamu yao ya 1990, Extremities, Dirt and Various Repressed Emotions, alikuwa ametoka kuzunguka na Ministry, kundi la roki ya viwandani la Marekani. Raven naye alikwenda kundi la Prong, kisha akawa mpiga besi wa Ministry katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Geneva mwaka 2007. Watu wanapohama nyumba moja kwenda nyingine bila kubadili namna yao ya kupiga, maana yake nyumba hizo ni za ukoo mmoja. Kundi la Godflesh wa Birmingham nao wametokana moja kwa moja na mwendo ule wa 1980 uliopunguzwa kasi na kukabidhiwa mashine.

Bint_Chumbageni
Ndugu Chuma, hoja ya ukoo nimeikubali, na Pandemonium naipenda. Lakini pauni 60? Kwa gramafoni ya mkobani? Kwa kiasi hicho angepata hizo nyingine mbili, na angebakiwa na nauli ya basi.

Santuri_Leeds
Nawashukuru kwa moyo wote, wazee wangu na ndugu zangu. Sikujua kwamba zile nyingine mbili kwa pamoja ni pauni 43, yaani pungufu ya Pandemonium peke yake. Nilikuwa nimeitazama kila bei kivyake. Nilisema uwezo wangu ni wa moja, na kwa kweli nilikuwa nimetenga pauni 30.

Leo mchana nilipita dukani. Nimefanya kama Fundi alivyonielekeza: nimeishika ya 1980 kwa kingo, nikaiinua usawa wa jicho chini ya taa, haijapinda. Kuna mkwaruzo mmoja mwembamba upande wa pili, unaanzia ukingoni na kukata wimbo wa kwanza wa upande huo. Namba zilizo karibu na lebo nimezipiga picha na nitaziweka hapa usiku. Mwenye duka aliniruhusu kusikiliza kwenye mashine yake kwa spika kubwa. Requiem ilipoingia nilitazama sakafu, kwa sababu niliusikia muziki miguuni kabla ya masikioni. Kisha akanichezea Love Like Blood, na mama mmoja aliyekuwa akipekua masanduku alisimama, akaimba kibwagizo chote kwa sauti ya chini hadi mwisho. Nimetoka nikiwa na mashaka zaidi ya nilivyoingia.

Rithim_na_Solo
Upande wa pili wa toleo la Uingereza unaanza na The Wait. Huo mkwaruzo, ukiupitisha ukucha taratibu, unakwama au hauhisi kitu? Kama ukucha unakwama, sindano nayo itakwama, na huo ndio wimbo ambao huwezi kukubali kuukosa.

Fundi_Redio
Na umwambie mwenye duka auchezeshe wimbo huo mbele yako tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mashine yake na, akikubali, kwa ya mkobani pia.

Santuri_Leeds
Sikupitisha ukucha, niliogopa kuigusa. Nitarudi Ijumaa baada ya kazi. Amenieleza pia kwamba kuna mzee mmoja aliyeleta sanduku jingine asubuhi, na ndani yake ameona Revelations ya 1982, ile iliyotayarishwa na Conny Plank nchini Ujerumani, ila hajaipangia bei. Kuna yeyote kati yenu anayeifahamu vizuri?

Mzee_wa_Spika
Naifahamu, na nina mengi ya kusema juu yake. Lakini kwanza tuambie, mwanangu: ni chapa ya mwaka gani?